Fundo Kwenye Ncha ya Sari

Rukhi alipoita nje ya mlango wa mtu, sauti ya kwanza kutoka ndani haikuwa ya kumkaribisha. Ilikuwa ya vijiko vikiondolewa mezani. Aliizoea tangu akiwa mtoto, akimfuata mama yake, Puri, katika mitaa ya Ahmedabad, kikapu cha sufuria mpya kichwani na furushi la nguo kuukuu mgongoni. Wadevipujak, watu wa kabila lake, ndiyo kazi yao: unatoa sufuria inayong'aa, unapokea shati lililochakaa na sari iliyopauka, unafua, unatia viraka, unauza alfajiri kwenye soko la Dilli Darwaja kwa watu wasioweza kununua mpya. Kazi halali kama kazi nyingine yoyote. Lakini tangu enzi za Waingereza kabila lao zima lilikuwa limebandikwa jina la wezi, na jina hilo halikutoka kwa sabuni.

Puri alimfundisha bintiye kanuni moja kabla hata ya kumfundisha kupatana.

"Nguo ikiingia mkononi mwako, pindua kila mfuko, fungua kila fundo, palepale mlangoni, mwenyewe akikuona. Utakachokuta mrudishie. Usiwape cha kusema. Watasema tu, lakini angalau watasema uongo."

Mafundo hasa ndiyo ya kuogopa. Kila mwanamke pale mjini, tajiri kwa maskini, benki yake ya kwanza ni ncha ya sari. Anafunga humo noti, ufunguo, punje za iliki, halafu anasahau. Vidole vya Rukhi vilijifunza kuyatafuta mafundo hayo hata gizani. Alikwisha kuolewa na kufiwa na mumewe, Vashram, akiwa na watoto wadogo, na hakuna aliyewahi kuja kumdai kitu.

Siku moja, katika mtaa wa wenye nacho wa Paldi, mlango ulifunguliwa na mwanamume. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, kavaa shati la pamba ya kusokota kwa mkono na ndala za mpira. Hakuitazama sufuria. Alilitazama furushi.

"Nguo hizi zilivaliwa na nani?" aliuliza.

Rukhi akajua ni polisi. "Mimi sijui, bwana. Mimi nabadilishana tu."

"Usiogope, dada. Naitwa Prabodh. Natengeneza filamu."

Ndivyo alivyomfahamu Prabodh Majmudar, mtoto wa jaji wa Bhavnagar, aliyeacha masomo ya sheria na kumwacha baba yake hoi kwa hasira, kwa sababu eti alitaka kutengeneza filamu zisizo na nyimbo. Filamu yake ya kwanza ilihusu ukame wa Banaskantha na wanawake waliokuwa wakiponda kokoto ili wapewe nafaka. Hakutaka waigizaji wake wavae nguo mpya zilizopakwa matope. Alitaka nguo zilizoloa jasho la kweli. Akamwomba Rukhi aende vijijini na mzigo wa sari mpya, awape wapondaji, naye apokee walizovaa.

Jioni Rukhi alimweleza mama yake.

"Atoe sari mpya, apokee matambara? Mama, huyo ana lake jambo."

"Na wewe kazi yako ni nini, kama si kutoa kipya ukapokea tambara?" Puri alicheka. "Mpelekee, mtoto wa watu astarehe."

Akaenda, na kaka yake Meru akaenda naye, na mkokoteni wake wa ngamia ukabeba nguo. Kusema kweli, kazi ilikuwa nzuri. Prabodh aliketi chini na wapondaji wa kokoto, akala mkate wa uwele na kitunguu, akawasomea hadithi yote kabla ya kupiga picha hata moja, akauliza wapi amekosea. "Mimi sibuni," alipenda kusema. "Mimi naokota." Lakini alikuwa na amri moja ambayo Rukhi hakuipenda. Nguo za tukio moja zisiguswe mpaka tukio liishe, hata likichukua wiki nzima. Hakuna kufua, hakuna kukunja, hakuna kufungua hata fundo, kwa kuwa vumbi la leo lazima lifanane na la kesho. Jioni mwigizaji akivua sari, inaingia sandukuni vilevile ilivyo. Vidole vya Rukhi viliwasha. Akavizuia, kwa kuwa ndiyo amri ya mwenye kazi.

Ndipo hereni ikapotea.

Ilikuwa hereni ya dhahabu ya mwigizaji mkuu, Damini Vakil, aliyoachiwa na bibi yake. Aliivua kabla ya kupigwa picha, maana mponda kokoto hana dhahabu, na alipoitafuta hakuiona. Kazi ikasimama. Mtu mmoja akauliza, kana kwamba anauliza saa, "Kwani nani anashika nguo hapa?" Macho yote yakamgeukia Rukhi.

Rukhi yeye alimtazama Prabodh. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli kando ya kamera, mkate wa watu wale bado uko tumboni mwake. Alitazama jua, kisha akatazama saa yake.

"Hebu angalieni tu, tumalize," alisema. "Mwanga unakwisha."

Furushi la Rukhi likamwagwa vumbini. Mwanamke mmoja akampapasa mpaka ndani ya blauzi, mbele ya wanaume, mbele ya kaka yake. Hawakukuta kitu, na hakuna aliyemwomba radhi. Kwa mtu ambaye ameshaitwa mwizi, kutokukutwa na kitu maana yake ni kwamba amekificha vizuri. Kazi ikaendelea.

Habari ilifika mtaani kwao, kando ya mto Sabarmati, kabla ya mkokoteni. Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Rukhi akaapa mbele ya kibanda cha Mata, mungu wao wa kike. Kisha mganga Bhikha akarusha punje za ngano kiganjani, akazihesabu. Zikitoka shufwa, Mata amemsafisha. Zikitoka witiri, amenyamaza. Zikatoka witiri.

Hawakumfukuza. Bora wangemfukuza. Meru, aliyekuwa akipita kila asubuhi kunywa maji kwenye mtungi wa dada yake kabla ya kwenda kazini, akaanza kupita moja kwa moja. Ilipofika siku ya uzi, siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi naye akaahidi kumlinda, Rukhi alimkuta amekaa amekunja mikono kwapani.

"Kaka, lete mkono."

"Mata akisema, na mimi nitaleta."

Mama yao hakuwa upande wowote, au ndivyo Rukhi alivyojipa moyo. Puri alizeeka, masikio yakafa kabla yake. Siku zake za mwisho alitolewa kitanda nje, penye kizingiti cha mlango wake, apate upepo. Hapo ndipo alipomshika Rukhi mkono.

"Mwanangu, kama uliichukua, irudishe. Nife kwa amani."

"Sikuichukua, mama!"

"Eeh?"

"Sikuichukua!" Rukhi alipiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakashtuka. Mtaa mzima ulisikia. Puri alitikisa kichwa taratibu, kama wanavyotikisa watu ambao hawakusikia na wamechoka kuuliza. Jioni ile akafa.

Filamu ya ukame ilipata tuzo kule Delhi. Magazeti yakamwita Prabodh rafiki wa wanyonge. Na rafiki huyo wa wanyonge, mtu wa kwanza aliyetuma aitwe kwa ajili ya filamu ya pili alikuwa Rukhi.

Hapo sasa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mtu amekuvunjia heshima mbele ya watu, halafu anakuita kazini kwa jina lako na neno la dada juu yake? Rukhi alikwenda kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na alikwenda ili amchunguze. Kwanza aliamini kwamba Prabodh anasubiri yeye auze hereni ili amkamate. Baadaye akaona labda anamjaribu: Prabodh alikuwa na tabia ya kuacha saa yake mezani na kutoka nje, na kila alipofanya hivyo Rukhi alikalia viganja vyake mpaka arudi. Kila sikukuu ya Diwali alimletea kasha la peremende za maziwa na sari mpya. Rukhi alifungua kasha, akachungulia chini ya karatasi, akaikunjua sari yote uani akitafuta fundo, akawanyima watoto peremende mpaka kesho yake, ili aone kama paka aliyeonjeshwa bado yu hai. Paka alinenepa.

Miaka ikaenda hivyo. Prabodh akatengeneza filamu ya viwanda vya nguo vilivyofungwa na kuwaacha watu wa mjini bila kazi. Wenye majumba ya sinema wakaikataa, naye akaizungusha mitaani, akiionyesha kwenye shuka jeupe lililotundikwa kati ya nguzo mbili za umeme. Akatengeneza ya wavuna chumvi wa jangwa la Rann, ambao nyayo zao zimekauka hivi kwamba wanapochomwa moto baada ya kufa, miguu huwa ya mwisho kuteketea. Wakaguzi wa serikali wakaikata vipande. Akagoma kula mbele ya ofisi yao, akawekwa ndani siku chache, akatoka na ndevu. Baba yake alikufa bila kumsamehe. Mkewe alichoka kuishi katika nyumba iliyowekwa rehani kila filamu, akarudi kwao Surat. Nguo zote za filamu hizo, tangu suruali ya mfuma nguo hadi kilemba cha mvuna chumvi, zilipita mikononi mwa Rukhi. Na katika zote hizo, amri ya kutofungua mafundo haikutajwa tena. Rukhi aliliona hilo pia. Akaliweka pamoja na shaka zake nyingine.

Prabodh alikuwa mzee sasa, ana fimbo, moyo umekwisha kufanyiwa upasuaji, alipomwita Rukhi barazani kwake akamwambia filamu yake ya mwisho itakuwa ya watu wao. Ya wauza nguo kuukuu.

"Utatuonyesha tunaiba nini?" Rukhi aliuliza.

"Hamwibi chochote, dada. Sikiliza kwanza."

Akamsomea, kama desturi yake. Mwanamke wa kikapu anaingia katika nyumba ya mkubwa, kitu kinapotea, anapekuliwa hadharani, kwao wanamtenga. Rukhi alisikiliza, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Alijua anasikia maisha yake, na alikuwa na hasira, lakini hasira ya kawaida, ile aliyozoea kulala nayo. Prabodh akafungua ukurasa wa mwisho.

"Na sanduku la nguo linapofunguliwa mjini, hereni inakutwa kwenye ncha ya sari. Mwenyewe aliifunga kwenye fundo akasahau." Akavua miwani. "Unaonaje?"

Rukhi akaweka kikombe chini.

"Hilo fundo kakwambia nani?"

"Nani aniambie? Nimebuni."

"Wewe?" Rukhi alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Tangu nywele zako nyeusi nakusikia ukiwaambia watu wa magazeti, 'Mimi sibuni, mimi naokota.' Leo ndiyo umeanza kubuni?"

Prabodh akaanza kufuta miwani kwa pindo la shati. Aliifuta mpaka ikawa haina cha kufutwa.

"Uliiokota lini, kaka Prabodh?"

"Tuliporudi mjini," alisema mwishowe. "Nilikuwa nafungua masanduku mwenyewe."

"Damini je?"

"Nilimrudishia. Nikamwambia ilidondokea kwenye mizigo."

"Na mimi?"

"Nilitaka kukwambia, dada. Haki ya Mungu nilitaka. Halafu filamu ikatoka, watu wakaanza kuandika yale waliyoandika. Ningesemaje? Kwamba huyu rafiki wa maskini alimpekua maskini bure? Nikasema mwakani. Kila mwaka ukazidi kuwa mgumu. Ndiyo maana sikukuacha bila kazi. Ndiyo maana ya filamu hii. Nchi nzima itaona kwamba hukuiba."

"Mama yangu hakwenda sinema," Rukhi alisema.

Alisimama akashika nguzo ya baraza. Miaka yote ile alikuwa amemshuku mtu huyu kwa kila kosa isipokuwa kosa lake. Alidhani mtu huyu anamwona mwizi. Kumbe alijua fika kwamba si mwizi, akanyamaza, akampelekea peremende. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, aliyezungusha nguo maisha yake yote, hakukikuta.

"Nguo zako tafuta mwenyewe," alisema. "Kama una la kusema, njoo ulisemee mtaani kwetu. Kwa mdomo wako. Kamera iache nyumbani."

Alikuja asubuhi ya Jumapili, peke yake, kwa miguu, fimbo ikizama katika matope ya kando ya mto. Mtaa ulimwona kabla hajaingia.

"Nani huyo? Kaja kupima nyumba zibomolewe."

"Ana fimbo, hana futi."

"Fimbo ndiyo futi ya wakubwa, mjinga wewe. Ingiza mbuzi ndani!"

"Labda ni wa kura."

"Wa kura huja na gari. Huyu hata ndala zake zimekatika."

Rukhi alimketisha kwenye kitanda cha kamba mbele ya kibanda cha Mata, akawaita wote kwa majina. Bhikha mganga alikuja akijikongoja, hana jino hata moja. Meru alikuja mwisho, akasimama mbali, akiegemea gurudumu la mkokoteni. Prabodh akainuka, akakohoa. Alikuwa amehutubia mikutano ya wafanyakazi na meza za mawaziri, na sauti ikamjia yenyewe.

"Ndugu zangu. Kwa karne nyingi jamii yetu imewatwika ninyi mzigo wa dhuluma—"

Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, akijua sasa chai inakuja.

"Acha jamii," Rukhi akamkata. "Jamii haikuwepo pale. Wewe ulikuwepo."

Makofi yakakoma. Prabodh akafumba kinywa. Alipokifungua tena, sauti ya mikutano ilikuwa imemtoka.

"Huyu dada yenu hakuchukua ile hereni," alisema. "Ilikuwa kwenye fundo, kwenye sari. Mimi ndiye niliyekataza mafundo yasifunguliwe, na mimi ndiye niliyetaka apekuliwe. Kisha niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza. Nilijua siku zote."

Watu wakamgeukia Bhikha.

"Mata hakosei," Bhikha alisema haraka. "Labda mimi nilihesabu vibaya. Jua lilikuwa kali."

"Kiganja kimoja cha ngano, ukahesabu vibaya!" mwanamke mmoja alimfokea. "Peremende za harusi mbona unahesabu sawasawa?"

Lakini Meru hakucheka. Alitoka penye gurudumu, akasogea hadi mbele ya Prabodh, akamkazia macho.

"Dada yangu kakupa nini uje useme haya? Ninyi wawili mmefanya kazi pamoja miaka mingi. Nani asiyejua kwamba watu wa sinema hulipwa kusema uongo?"

Hata ukweli wenyewe, ulipokuja hatimaye kwa miguu yake, ulipekuliwa mlangoni.

Prabodh hakukasirika.

"Ulikuwa umesimama kando ya ngamia," alisema. "Walipomfungua blauzi, ulivua kilemba chako ukakikunjua, ukamzungushia dada yako asionekane. Kilikuwa cheupe. Kikakuanguka, ukakiokota. Hakuna mwingine aliyenyanyua hata kidole. Na mimi sikunyanyua."

Jambo hilo Meru hakuwahi kumsimulia mtu, wala Rukhi hakuwahi, kwa aibu.

"Kumbe ulikuwa unaona," Meru alisema.

"Nilikuwa naona."

Meru akageuka, akaenda mlangoni kwa dada yake. Akachota maji kwenye mtungi, akainua kata juu ya kinywa, akanywa bila kupumua, maji yakimtiririka shingoni hadi kifuani. Akachota tena akanywa tena. Kisha akarudi, akanyoosha mkono wa kulia, bado unachuruzika, wala hakuweza kumtazama usoni.

Siku ya uzi ilikuwa mbali, na Rukhi hakuwa na uzi. Akaishika ncha ya sari yake, akaichana kwa meno, akapata utepe mwembamba, akamfunga. Alifunga mafundo mawili, maana moja hakuliamini. Machozi yalimtoka, naye aliyaacha yatoke.

Prabodh alidhani amemaliza. Alikuwa ameokota fimbo yake, amegeukia njia ya mto, Rukhi alipomshika kiwiko. Akamwongoza, yule mzee mwenye moyo mbovu, kupita mbuzi na watoto na nguo zilizoanikwa, mpaka kwenye nyumba ya mwisho iliyofungwa, ambamo tangu kifo cha mama yao hakuna aliyetaka kukaa. Akamsimamisha mbele ya kizingiti.

"Sema tena," alimwambia. "Kwa sauti. Mama yangu alikuwa hasikii vizuri."